Wauzaji wa chaja za laptopu watusomee maandishi kabla hatujalipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo wengi hulipuuza hadi siku linapowatia hasarani, nalo ni namna chaja na doki za laptopu zenye ncha ya USB-C zinavyouzwa katika maduka ya hapa Mombasa. Ninaposema doki nakusudia kile kisanduku cha kuunganishia, ambacho kwa upande mmoja kina kebo inayoingia kwenye laptopu, na kwa upande wa pili kina matundu ya skrini, kibodi, kipanya, diski, waya wa intaneti na chaja.

Kazi yangu ni kutayarisha nyaraka za mizigo kwa niaba ya mawakala wa forodha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanyia nyumbani, Tudor, kwa laptopu moja na skrini mbili. Skrini ya kwanza naifungulia ankara na hati za shehena, ya pili naijazia fomu. Anayenakili namba za makontena huku akipanda na kushuka kurasa katika skrini moja hukosea herufi, na herufi moja ikikosewa, kontena hukaa bandarini na gharama za kuhifadhiwa zikawa zinapanda siku baada ya siku. Chaja iliyokuja na laptopu yangu ilipokufa, niliteremka mjini hadi duka moja lililo karibu na Barabara ya Digo, nikaeleza kwamba nataka chaja nyingine na doki ya kuendeshea skrini mbili. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu na wala simlaumu kwa nia mbaya. Aliitazama ncha ya kebo yangu ya zamani, akatoa maboksi mawili kabatini, akaniambia, “Mamangu, hii ni C. C zote ni moja, itaingia tu.” Nikalipa, nikarudi nyumbani, na kweli iliingia.

Lakini kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Laptopu ilinitolea ujumbe kwamba chaja ni dhaifu. Skrini moja ilipata picha, ya pili ikabaki nyeusi hata nilipobadilisha waya wake. Na lililoniudhi zaidi ni kwamba kila mwana wa dada yangu alipochomeka simu yake kwenye tundu la pili la chaja ile, ile skrini moja iliyokuwa ikifanya kazi ilizimika kwa sekunde kadhaa, kibodi ikafa, diski ikajitoa, kisha vyote vikarudi. Mara ya tatu kutokea hivyo nilikuwa nahifadhi faili kwenye diski, na faili lile halikufunguka tena. Nililiandika upya kutoka mwanzo, usiku, kwa kuwa mwenye mzigo alikuwa akilisubiri asubuhi.

Siku iliyofuata niliikalia chini chaja ile. Maandishi ya mgongoni mwake ni madogo kiasi kwamba jicho langu haliwezi kuyasoma, basi niliyapiga picha kwa simu na kuyakuza. Mbele ya boksi paliandikwa wati 65 kwa herufi kubwa. Mgongoni mwa chaja yenyewe paliandikwa hivi: tundu la kwanza likitumika peke yake hutoa hadi volti 20 kwa ampea 3.25, na ukizidisha mbili hizo unapata wati 65. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, paliandikwa kwamba matundu yote mawili yakitumika pamoja, la kwanza hutoa wati 45 na la pili wati 18. Ujumbe wote niliokuwa nikiuhitaji siku ile dukani ulikuwa pale, katika mistari miwili, na hakuna aliyenisomea.

Hesabu yake ni nyepesi. Laptopu yangu inataka wati 65. Doki isiyokuwa na chaja yake yenyewe huchukua sehemu ya umeme unaopita ndani yake ili ijiendeshe, mara nyingi kati ya wati 10 na 15, na ndiyo sababu doki nyingi zilizoandikwa wati 100 husema, katika karatasi ya maelezo, kwamba laptopu itapata 85. Kwa hiyo hata nilipokuwa peke yangu, laptopu ilipata kama wati 50 badala ya 65. Simu ilipochomekwa, wati 65 za chaja zikashuka hadi 45, doki ikala zake, na laptopu ikabakiwa na kama wati 30, nayo ikawa inakula betri yake ilhali imechomekwa ukutani. Ama kule kuzimika kwa skrini, sababu yake ni kwamba chaja ya matundu mengi hukata umeme kidogo ili igawe upya kila kitu kipya kinapoingia au kutoka, na doki inayotegemea umeme huo huanguka na kusimama tena.

Naomba wasomaji wanivumilie nieleze kidogo jinsi mtambo huu unavyofanya kazi, maana watu wanapotoshwa hapa kwa nia njema. Ncha ya USB-C ilitangazwa mwaka 2014. Ina pini 24, na huingia upande wowote utakaoigeuza. Umeme ndani yake haumiminiki tu kama maji ya bomba. Chaja huanza na volti 5, kisha chaja na laptopu huzungumza kupitia pini maalumu: chaja hutaja viwango inavyoweza kutoa, kwa kawaida volti 5, 9, 15 na 20, nayo laptopu huchagua. Ndiyo maana ile kauli tunayoisikia madukani kwamba chaja ya wati 100 itaiunguza laptopu ya wati 45 si ya kweli, maadamu chaja ni halali. Laptopu huchukua kile inachokihitaji. Mtu anayeogopa wati nyingi akanunua chache ndiye anayejitia taabuni. Ushauri wangu kwa anayenunua doki ya kupitishia umeme ni kwamba aangalie wati zilizoandikwa kwenye chaja ya asili ya laptopu yake, aongeze 15 au 20 za doki, kisha atafute chaja ambayo tundu lake moja linatoa kiasi hicho hata matundu mengine yanapotumika.

Kebo nayo ina neno lake. Kebo ya kawaida ya C hadi C hubeba ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60 na si zaidi. Ili zipite ampea 5, yaani wati 100, kebo lazima iwe na kijichipu ndani ya ncha yake kinachoiambia chaja kwamba inaweza kubeba kiasi hicho. Chaja nzuri ikikikosa kijichipu hicho haivuki wati 60, hata kama yenyewe ni ya 100. Tangu mwaka 2021 kanuni zimepanuliwa hadi wati 240 kwa volti 48, na kebo za daraja hilo huandikwa 240W. Sasa fikiria mtu anayenunua chaja ya wati 100 kwa pesa nzuri, halafu dukani anapewa kebo ya simu “kama zawadi”. Hakuibiwa, lakini arobaini katika zile wati mia zimeachwa dukani.

Kuna pia chaja ambazo hazifuati kanuni ya pamoja kikamilifu. Dell, kwa mfano, wana chaja ya wati 130 yenye ncha hiyo hiyo ya C, inayotoa ampea 6.5 kwa volti 20. Ampea hizo zinapita kiwango cha pamoja, hivyo ni laptopu za Dell zinazoitambua tu zitakazopata wati zote 130, na laptopu ya kampuni nyingine itapata pungufu. Nalitaja hili kwa sababu laptopu nyingi zinazouzwa mjini kwetu ni zile zilizotumika Uingereza na Marekani, na chaja zake huchanganywa katika kapu moja, mnunuzi akachaguliwa ile iliyo juu.

Suala la picha ndilo gumu zaidi, na ndilo lililonipotezea skrini ya pili. Si kila tundu la C kwenye laptopu hutoa picha. Mengine ni ya data tu, mengine ya data na kuchaji, na mengine hubeba vyote. Dalili huwa zimechorwa pembeni mwa tundu, na nawasihi watu wazitafute kabla ya kwenda dukani: alama ya radi yenye mshale huonyesha Thunderbolt, ambayo hutoa picha na data kwa kasi kubwa, herufi D na P zilizounganishwa huonyesha DisplayPort, yaani picha inapita, alama ya betri au ya plagi huonyesha kwamba tundu linapokea umeme. Pasipokuwa na alama yoyote, kitabu cha maelezo cha modeli hiyo ndicho cha kuulizwa, wala si muuzaji.

Baada ya tundu, ndipo aina ya doki. Ile ndogo inayoning’inia kwa kebo fupi, ambayo vijana huiita habu, hutumia picha inayotoka kwenye laptopu yenyewe na kuigawa. Kwenye Windows mara nyingi inaweza kuigawa kwa skrini mbili tofauti. Kwenye kompyuta za Apple mfumo wao hauikubali njia hiyo ya kugawa, kwa hiyo skrini mbili zitaonyesha picha ile ile. Tena laptopu za Apple zenye chipu za M1 na M2 za kawaida zimewekewa kikomo cha skrini moja ya nje, hata ukizinunulia habu ya matundu kumi ya HDMI, yaani ya waya za skrini. Wenye laptopu hizo hupata nafuu kwa doki za aina ya DisplayLink, ambazo hupitisha picha kama data, kwa sharti kwamba uweke programu yake kwanza. Ubaya wake ni kuilemea laptopu kiasi, na baadhi ya filamu za kulipia hukataa kuonekana. Kwa kazi ya maandishi na majedwali kama yangu zinatosha kabisa. Aina ya tatu ni doki ya mezani yenye chaja yake yenyewe, nayo ndiyo ninayomshauri kila anayekaa meza moja siku nzima, kwa sababu haikopi umeme wa laptopu, bali huipa. Bei yake ni kubwa, sikatai. Mimi nililipa shilingi 4,500 kwa habu, na doki ya aina hii ingenigharimu mara kadhaa ya hizo.

Jambo jingine dogo kuhusu picha: habu nyingi za bei nafuu zimeandikwa “4K”, yaani picha yenye nukta nyingi sana, lakini hazitaji kwa sauti kwamba picha hiyo hubadilishwa mara 30 tu kwa sekunde. Ukisogeza kipanya utaona kinaruka-ruka, na macho huchoka. Anayekaa mbele ya skrini saa nane atafute iliyoandikwa 60Hz, yaani mara 60 kwa sekunde, na ahakikishe laptopu yake inaiweza.

Nageukia usalama, na hapa nitasema kwa ukali. Umeme wetu ni volti 240, na soketi zetu ni za miguu mitatu ya mraba. Chaja nyingi za laptopu zilizotumika huja na plagi ya miguu miwili, na nimeona kwa macho yangu, katika ofisi na katika maduka hayo hayo, mtu akichukua kalamu ya Bic, akaisukuma kwenye tundu la juu la soketi ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha akashindilia plagi ya miguu miwili kwenye matundu ya chini. Vifuniko vile viliwekwa ili kidole cha mtoto au msumari usiguse umeme, na plagi ile haishiki sawasawa, hivyo hucheza, hutoa cheche, na plastiki ya soketi hubadilika rangi. Plagi sahihi ya miguu mitatu ya kuingiza kebo ina fyuzi ndani yake, na ni hiyo fyuzi inayokatika kebo inapopata hitilafu. Adapta za vichochoroni mara nyingi hazina fyuzi. Nyingine hujitambulisha zenyewe kwa macho: mguu wa juu wa chuma, ule wa ardhi, umevishwa plastiki nyeusi kama ile miwili ya chini, jambo ambalo halifanywi kwenye plagi iliyotengenezwa kwa kanuni, kwa kuwa mguu huo unatakiwa kugusana na ardhi kwa urefu wake wote.

Bidhaa ghushi zina hatari ya pili isiyoonekana. Mwaka 2016 mhandisi wa Google, Benson Leung, ambaye alikuwa akijinunulia kebo za USB-C mtandaoni na kuzipima moja moja kwa hiari yake, alichomeka kebo iliyounganishwa nyaya vibaya ndani, ikaiua laptopu aliyokuwa akiipimia. Mwaka huo huo Amazon ilipiga marufuku kuuzwa kwa kebo za C zisizofuata kanuni. Ikiwa mtaalamu wa vifaa hivyo aliangukia kebo ya aina hiyo, sisi tunaochukua kebo kwenye ndoo ya plastiki pale Mwembe Tayari tuna kinga gani? Tunayo moja, nayo ni alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, ambayo namba yake inaweza kuthibitishwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwenda 20023. Kufanya hivyo mbele ya muuzaji hakuchukui dakika mbili, na muuzaji mwenye bidhaa halali hawezi kuudhika.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu hasa. Nilirudi dukani na picha zangu. Yule kijana alizitazama kwa makini, akakiri kwamba hakuwahi kuyasoma maandishi yale, akanibadilishia habu kwa nyingine. Chaja hakuweza kuibadilisha, akasema kanuni ya mwenye duka ni kwamba boksi likifunguliwa halirudi. Nilimuuliza, “Mwanangu, maandishi yako ndani ya boksi, na boksi hufunguliwi mpaka ulipe. Nitayasoma saa ngapi?” Hakuwa na jibu, na sidhani ni yeye anayepaswa kulijibu.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupata maelezo anayohitaji ili bidhaa imfae kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ilitungwa juu ya msingi huo. Maelezo yaliyofungiwa ndani ya boksi lisilofunguliwa, na yanayogeuka kuwa sababu ya kunyimwa kurejesha bidhaa pale yanaposomwa, hayawezi kuitwa maelezo aliyopewa mnunuzi. Muungano wa Ulaya umelitambua tatizo hili. Kwa sheria yake ya 2022, simu na vifaa vingine vidogo vinavyochajika kwa waya vinapaswa kutumia USB-C tangu tarehe 28 Desemba 2024, na laptopu tangu tarehe 28 Aprili 2026. Pamoja na kulazimisha ncha moja, sheria hiyo inataka boksi la kifaa lionyeshe kwa nje namba mbili, yaani wati za chini na wati za juu zinazohitajika kukichaji. Waliotunga sheria walielewa kwamba ncha ikishakuwa moja, namba ndizo zitakazomwongoza mnunuzi.

Hatuhitaji kungoja sheria mpya ili tufanye hivyo hapa. Nawaomba wenye maduka ya Barabara ya Digo, Moi Avenue, Nyali na kwingineko waweke chaja moja ya kila aina nje ya boksi, juu ya kaunta, ili mgongo wake usomeke. Waandike kwa kalamu ya wino, kwa Kiswahili, kwenye kila kabati: chaja hii inatoa wati ngapi ikiwa na kifaa kimoja na ngapi ikiwa na viwili, kebo hii inabeba wati ngapi, na inapitisha picha au haipitishi, doki hii ina chaja yake au inategemea ya laptopu, na inaendesha skrini ngapi kwenye Windows na ngapi kwenye Apple. Na mteja aliyekuja na laptopu yake mkobani aruhusiwe kuichomeka pale pale dukani kwa robo saa, skrini ikiwashwa na simu ikichomekwa kando, kabla hajatoa pesa au kutuma kwa M-Pesa. Ofisi za KEBS na za mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi zilizoko hapa Pwani nazo zingetusaidia sana kama zingewaelimisha hawa vijana wa kaunta, kwa kuwa ndio wanaoulizwa na wananchi maswali yote haya kutwa kucha.

Nawe Mhariri, ukipata nafasi katika kurasa zako za teknolojia, mchapishie msomaji picha ya mgongo wa chaja, iliyokuzwa, na mshale unaoonyesha mahali pa kusoma. Hiyo yangu ninayo kwenye simu, na nitaituma utakapoitaka.

Mtayarishaji wa nyaraka za mizigo,
Tudor, Mombasa